Shangazi wa Kwenye Lori la Zege

Kwenye yadi yetu wananiita Profesa, na asije mtu akadhani ni kwa sababu ya elimu. Ni kwa sababu ya mdomo. Mtu akiuliza tu kwa nini barabara ya kuingilia yadini imechimbika, wenzangu wanavuta viti na mmoja anakwenda kubandika chai, maana wanajua kabla sijamaliza kueleza, chai itakuwa imechemka, imenywewa na vikombe vimeoshwa.

Naendesha lori la zege, lile lenye pipa kubwa mgongoni linalozunguka muda wote. Kazi hii nimeifanya tangu nywele zangu zilipokuwa bado zinahitaji kitana. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumgonga mtu, na jambo hilo nililisema mara nyingi kiasi kwamba mke wangu alikuwa akilimalizia mwenyewe. Nikianza, "Mimi katika kazi hii," yeye anaitikia kutoka jikoni, "hujawahi kugusa hata kuku."

Hotuba yangu ndefu kuliko zote ilikuwa juu ya waendesha baiskeli. Kwa maoni yangu, wao ndio waliokuwa tatizo la jiji zima. Wanachomoka kama panya, hawana taa, wanajibanza ubavuni mwa lori kana kwamba ni ukuta wa nyumba yao. Dawa nilikuwa nayo: wachongewe njia yao huko mbali, au watoke alfajiri kabla malori hayajaamka, au wapande basi kama watu wengine. Mke wangu ni mpishi wa shule ya chekechea, amezoea watu wanaopiga kelele huku wanalishwa kwa kijiko. Alinisikiliza miaka nenda miaka rudi. Siku moja tu aliuliza, "Kwani wewe umewahi kupanda baiskeli?"

Nikamwambia hilo halihusiani.

Lilihusiana sana, ila jibu lilikuwa hapana. Utotoni kwetu hakukuwa na baiskeli, na ya jirani ilikuwa na mwenyewe mkali. Ukubwani niliingia moja kwa moja kwenye utingo, kisha kwenye usukani. Nilikuwa dereva wa chombo cha magurudumu kumi asiyeweza kuendesha chombo cha magurudumu mawili, na siri hiyo niliitunza vizuri kuliko leseni yangu.

Basi bosi wetu akapata kazi ya kupeleka zege kwenye hospitali mpya iliyokuwa ikijengwa katikati ya jiji. Muda mfupi kabla ya hapo, mwendesha baiskeli alikuwa ameuawa na lori la kampuni nyingine kwenye makutano ya barabara karibu na eneo hilo, na wenye mradi wakaweka sharti. Lori lisilo na vifaa vya kuwalinda waendesha baiskeli haliingii getini, na dereva asiye na cheti cha mafunzo haingii pia. Bosi alituita akasema maneno machache, kama kawaida yake. "Asiyetaka, koleo lipo pale. Kokoto nazo zipo."

Lori langu lilipotoka gereji karibu nisilitambue. Ubavuni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, lilikuwa limefungwa vyuma virefu vya kumzuia mtu asisukumwe akaingia chini. Vioo vilikuwa vimeongezwa, kimoja cha kutazama chini ya mlango wa kushoto na kingine, cha mviringo, cha kutazama mbele kabisa chini ya pua ya lori. Kulikuwa na kamera ubavuni, skrini ndogo kando ya usukani, na vidude kama vifungo vya koti vinavyohisi kitu kikisogea karibu. Nyaya zilipita kila mahali. Nikamwambia fundi lori langu amelifanya kama mgonjwa wa chumba cha mahututi.

"Lori ni zima," fundi akasema. "Mgonjwa ndiye anayepanda sasa hivi."

Juu ya hayo yote kulikuwa na sauti. Ukiwasha indiketa ya kushoto, mwanamke alitangaza nje kwa upole lakini kwa nguvu, "Tahadhari. Gari linakata kushoto." Na ndani, vile vidude vikihisi kitu, taa nyekundu iliwaka na mwanamke huyohuyo akaniambia, "Angalia kushoto," au "Angalia mbele." Hakujua kuchoka. Aliniambia niangalie nguzo ya umeme. Aliniambia niangalie pipa la taka. Mvua iliponyesha aliniambia niangalie mvua. Haikuchukua muda yadi nzima ikawa inamwita Shangazi, maana, kama alivyosema mwenzangu Kipara, ni shangazi tu anayeweza kuhamia kwako bila kualikwa na kuanza kukusahihisha hata unavyokata kona.

Mimi nilibishana naye. Nilimjibu neno kwa neno, safari nzima. Jioni moja nikiwa mezani nikasimulia jinsi Shangazi alivyonisumbua tangu asubuhi, hanipi nafasi ya kupumua, na kwamba siku moja nitamzima nipate amani. Binti yetu akaweka kijiko chini.

"Shangazi yupi?" mke wangu akauliza.

"Huyu wa kwenye lori."

Ilinichukua muda mrefu kueleza. Nilipomaliza, mke wangu akasema amenielewa, lakini kesho angependa kupita yadini akamsikie kwa masikio yake. Na alipita kweli.

Siku ya mafunzo nilikwenda kama msemaji wa madereva. Niseme ukweli, nilijichagua mwenyewe na wenzangu hawakuwa na nguvu za kupinga. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo ambaye zamani aliendesha gari la wagonjwa. Tulipomaliza kusalimiana tu nikasimama. Nikaeleza habari za panya na ukuta wa nyumba, nikaeleza habari za basi, nikataja kuku. Alinisikiliza hadi nilipovuta pumzi.

"Asante, kaka. Naona una uzoefu mkubwa. Naomba unisaidie kitu uwanjani."

Nikawatazama wenzangu kama mtu aliyeshashinda kesi.

Uwanjani kulikuwa na lori la zamani lisilofungwa kifaa chochote. Akaniomba nipande, nikae kama niko kwenye taa nyekundu, kisha nifumbe macho mpaka anipigie simu. Nikafumba. Nilisikia vishindo vya viatu huku na huku, nikadhani wenzangu wanatafuta kivuli. Simu ikalia.

"Fumbua. Tazama vioo vyote, bila haraka. Unamwona nani?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama mbele. "Hakuna mtu. Uwanja mweupe."

"Una hakika?"

"Dada yangu, mimi katika kazi hii..."

"Sawa. Shuka."

Nikafungua mlango na kushuka. Darasa zima lilikuwa limelizunguka lile lori. Ubavu wa kushoto walikuwa wamejipanga, wengine wameshika baiskeli, wengine wamejikunja kama wanafunga kamba za viatu. Mbele, chini ya pale nilipokuwa nimekaa kama mfalme, alisimama Kipara ambaye kichwa chake hung'aa hata siku ya mawingu, na kando yake bosi akiwa na kikombe cha chai. Bosi alikinyanyua kidogo kunisalimia. Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Kila mmoja alikuwa anatazama lile lori kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analiona, na mimi nikatamani sana wangecheka.

Baada ya mapumziko mwalimu alimkaribisha mgeni. Alikuwa mshonaji, mtu mnene mchangamfu, suruali imepigwa pasi vizuri, mguu mmoja wa bandia. Alikaa kwenye kiti akaupapasa ule mguu kama mtu anayemtuliza paka.

"Watu wananiuliza kama sikuliona lori," alisema. "Lori la zege mtu anakosaje kuliona? Nililiona. Nilikuwa nimeshafika ubavuni ndipo indiketa ikaanza kuwaka. Nikatazama kioo chake, nikauona uso wake, hadi masharubu. Nikajua basi na yeye kaniona, nikatulia. Kumbe yeye alikuwa anatazama kulia kwenye magari, anavizia nafasi. Kioo kilikuwa safi. Hakukitazama tu."

Akasema yule dereva naye aliacha kazi, na kwamba wakikutana mjini wanasalimiana, ingawa hawana la kuongea. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Chumba kizima kikanigeukia. Msemaji nilikuwa mimi. Kichwani mwangu palikuwa peupe kama ule uwanja, na kinywa changu, kilichozoea kutangulia, kikatangulia. Nikamuuliza cherehani ya kukanyaga anaitumiaje.

Kipara alifunika uso kwa viganja. Mshonaji akanitazama kwa upole. "Kwa mguu uliobaki, Profesa," akasema. Kumbe walikuwa wameshamwambia jina langu. Hapo sasa watu wakacheka, naye akacheka, na katika kicheko hicho mimi nilikuwa namwona tu yule dereva wa masharubu akitazama kulia. Nilimjua. Miaka yote nimekata kona za kushoto hivyohivyo.

Alasiri mwalimu akatoa baiskeli na vizibao vya kung'aa. Sehemu ya mwisho ya mafunzo, akasema, kila dereva anatoka barabarani kwa baiskeli, ajionee. Nikasikia goti langu la kulia linaanza kuuma. Nikamweleza mwalimu habari za goti, tangu lilipoanza. Akasema pole, nipumzike, nirudi wiki ijayo na kundi linalofuata. Bila sehemu hiyo hakuna cheti.

Nyumbani nilichechemea hadi jikoni. Mke wangu alinitazama mara moja tu. "Goti gani?"

"Hili."

"Ulipoingia getini ulichechemea la kushoto."

Nikamwambia. Yaani nilimnong'oneza, maana binti yetu alikuwa chumba cha pili. Mke wangu aliweka sufuria chini, akashika ukingo wa meza, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa. Alipopata sauti akasema binti wa mwokaji mikate hawezi kushindwa kumfundisha mtu baiskeli. Hapo ndipo nilipojua kwamba alipokuwa msichana alikuwa akisambaza mikate ya baba yake kwa baiskeli, mtaa kwa mtaa, kapu mbele na kapu nyuma. Tumeoana muda mrefu. Hakuwahi kupata nafasi ya kunieleza, kwa kuwa wa kueleza nilikuwa mimi.

Aliazima baiskeli ya mtunza bustani wa shule, na Jumamosi tukaenda kwenye uwanja wa chekechea, penye bembea na mageti ya rangi rangi. Mke wangu alishika kiti kwa nyuma akakimbia. Mimi nilishika usukani kama mtu anayemzuia ng'ombe.

"Usitazame gurudumu," alikuwa akisema huku anahema. "Tazama unakokwenda. Baba watoto, tazama unakokwenda."

Nilitazama ninakokwenda, nikaona ni kwenye bembea, nikaenda. Nilipotoka kwenye bembea nilikwenda kwenye ua wa miti. Kisha nikapita katikati ya kamba ya kuanikia, nikatokea upande wa pili nimevaa aproni ya mtu. Mlinzi wa shule alileta kiti, akakaa. Mara moja niligeuka kumwambia mke wangu asiniachie, nikamwona amesimama mbali, mikono kiunoni. Alikuwa ameshaniachia kitambo. Nikaanguka kwa sababu ya kujua.

Lakini kabla ya jua kuwa kali nilikuwa nazunguka uwanja. Nilizunguka nikipiga kengele bila sababu. Sina hakika kama nilijisikia vile hata siku nilipopata leseni.

Kwa hiyo nilirudi kwa mwalimu nikiwa nimevimba kichwa. Tukatoka barabarani kwa mstari, mwalimu mbele, mimi wa mwisho, kizibao kinanibana tumbo. Mtu anapokuwa juu kwenye kiti cha lori, barabara ni kitu kilicholala chini kimetulia. Ukiwa kwenye baiskeli unagundua ina mashimo, mchanga, vipande vya chupa, mifuniko ya mitaro iliyotoka, na kwamba vyote vimepangwa pale ukingoni ulipoambiwa ujibanze. Nilielewa kwa nini wanachomoka kama panya. Wanakwepa.

Kisha nikasikia nyuma yangu mngurumo ninaoujua. Lori la zege. Kabla sijafikiri la kufanya, honi ikalia sikioni.

Sijui namna ya kueleza honi ile kwa mtu wa kwenye lori. Haiingii masikioni. Inaingia kifuani na kutokea mgongoni. Lori likapita, upepo wake ukanivuta kuelekea kwenye magurudumu, nami nikajitupa upande wa pili, nikatua mtaroni pamoja na baiskeli.

Lilisimama mbele kidogo. Kipara akateremka mbio, kichwa kinang'aa jasho. "Profesa, samahani, kaka. Nilikuwa nakusalimia tu. Nilifurahi kukuona kwenye baiskeli."

"Najua," nikasema kutoka mtaroni.

Na nilijua kweli. Mimi mwenyewe niliwapigia honi waendesha baiskeli maisha yangu yote, nikidhani nawasaidia kujua kwamba nipo. Wengine walikuwa wakigeuka na kunionyesha ngumi, nami nikifika nyumbani nalalamika kwamba watu wa siku hizi hawajui shukrani.

Cheti nilipata. Mwalimu aliniambia nimefaulu, ila mtaro hauhesabiki kama kuegesha.

Sasa nieleze lililotokea kwenye makutano, kwa kuwa ndilo lililonifanya nikae kimya, na watu wa yadini bado wanaliulizia. Ilikuwa asubuhi, natoka hospitalini nimeshamwaga zege. Wakati wa kumwaga, maji ya zege yalikuwa yamekirukia kile kioo cha mviringo cha mbele, nami nikasema nitakifuta yadini. Nikasimama kwenye taa nyekundu, wa kwanza kwenye foleni. Nilitazama kushoto kama tulivyofundishwa, nikatazama kulia, nikajisifu kidogo. Taa ikawa kijani.

"Angalia mbele," Shangazi akasema.

Nikatazama. Barabara nyeupe. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi.

"Mama, hakuna kitu," nikamwambia. "Ni kijani." Mguu ulikuwa umeshaanza kuachia breki.

"Angalia mbele."

Kioo cha mviringo kilikuwa kimejaa matope ya zege, hakionyeshi chochote. Kwa mara ya pili nikataka kusema hakuna mtu, na maneno hayo yalipofika mdomoni nikayasikia jinsi yalivyo. Nikamwona akilini bosi na kikombe chake cha chai. Nikakanyaga breki hadi mwisho, nikavuta breki ya mkono, nikafungua mlango.

Kushuka kwangu si kwa haraka. Kuna ngazi, na kuna tumbo. Foleni nzima ilikuwa inanitazama. Dereva wa gari dogo la mizigo akatoa kichwa dirishani akaita, "Bibi harusi, tukuletee mtu akushike mkono?" Wengine wakasema mengine. Nikazunguka mbele.

Alikuwa amechuchumaa pale, mgongo wake umekaribia kugusa bampa. Mtu mzima, shati la kazi, kwenye keria ya baiskeli amefunga mtungi wa gesi na sanduku la vifaa. Fundi wa majokofu. Cheni ilikuwa imemtoka, naye ameinama anairudishia, vidole vimejaa grisi. Kwa mngurumo wa lori na makelele ya honi hakujua kama nimeshuka, wala kama taa imebadilika.

Alipoona viatu vyangu akainua uso. "Kaka, hebu sogea kidogo, umenizibia mwanga."

Nikasogea. Nilitaka kusema kitu, na mtu anayenijua hataamini, lakini sikupata hata neno. Nilichofanya ni kuishika baiskeli isianguke. Niliubana usukani wake kwa nguvu mpaka kengele ikalia. Akairudisha cheni, akazungusha pedali kuijaribu, akajipangusa kwenye suruali.

"Na hizi honi zote ni za nini?" akasema. "Watu wa jiji hili hawana subira." Akapanda, akaenda.

Nilivua kofia nikakifuta kile kioo kwa ukingo wake hadi kikang'aa, huku wakiendelea kunitukana. Nikapanda. Taa ilikuwa nyekundu tena. Nikamwambia Shangazi asante, na nilingoja ajibu, mtu mzima mimi, kabla sijakumbuka kwamba hajatengenezwa kujibu hilo.

Jioni mke wangu alikuwa jikoni anakata mboga. Nikakaa. Aligeuka kunitazama kwa sababu nilikuwa nimekaa muda na sijasema kitu. Nikamsimulia yote, kwa maneno machache kuliko niliyowahi kutumia kwa jambo lolote. Hakunikatiza. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ubao.

"Na wale wa nyuma walikuita nani?" akauliza mwishowe.

Nikamtajia majina yote. Kwenye bibi harusi akajaribu kujizuia, akashindwa, na mimi pia nikacheka, ingawa cheko langu lilitoka vibaya na kuishia mahali ambapo ilibidi nigeukie dirishani.

Alingoja nimalize.

"Huyo fundi alikushukuru?"

"Hapana. Alisema nimemzibia mwanga."

"Basi ni mzima," akasema, akanisogezea vitunguu nimenye.